Ile ruta ndogo chini ya meza ya uhasibu

Jumatatu ile watu walianza kunipigia kabla hata sijafika ofisini, mtandao haupo. Nafika, nawasha kompyuta yangu, mtandao upo tena una kasi nzuri tu. Nageuka kwa jirani yangu, kwake hamna. Wa tatu anao. Wa nne alikuwa nao asubuhi, akafunga laptopu akaenda kwenye kikao, amerudi hana. Ofisi yetu ni ndogo, watu kumi na wanne, ruta moja (kifaa kinachotuunganisha na intaneti), swichi moja ya poti 24 (kifaa cha kuunganishia waya za mtandao, chenye matundu 24), printa mbili na kamera za ulinzi, yaani sio mtandao wa kumnyima mtu usingizi, lakini jambo lile lilinichukua siku mbili nzima na nataka nilieleze vizuri kwa sababu kilichokuja kuonekana mwishoni kilikuwa kikubwa kuliko mtandao kukatika.

Tulianza na lile ambalo kila mtu analifanya, kuzima ruta na kuiwasha. Wachache wakarudi hewani, halafu wengine waliokuwa nao wakaupoteza. Hapo tukaamini tatizo liko kwa kampuni inayotuletea intaneti, tukawapigia, wakapima laini yao wakasema kwao kuko sawa, tukabishana nao asubuhi nzima. Na walikuwa sahihi! Kama ningepima kwanza kabla ya kushika simu ningejua hilo ndani ya dakika tano, maana kupima kwenyewe wala sio kazi ngumu, ni kwenda kwa mpangilio tu bila kuruka hatua.

Mimi siku hizi naanzia chini kabisa. Taa ya kwenye swichi inawaka au haiwaki? Kama haiwaki usihangaike na kompyuta, angalia waya. Na hata ikiwaka angalia kasi iliyokubaliwa, kwa sababu waya wa mtandao una nyuzi nane ndani, kasi ya megabiti 100 inatumia nne tu, kasi ya megabiti 1000 inazihitaji zote nane, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika unaweza ukajikuta kompyuta inafanya kazi kama kawaida ila nzito, na mtu anakwambia "intaneti iko slow" kumbe ni kiti kimeukanyaga waya miezi mitatu. Waya ukiwa salama, angalia kompyuta imepewa anwani gani, yaani namba yake ya kutambulika kwenye mtandao. Halafu piga ping (amri ya kutuma ujumbe mfupi uone kama unajibiwa) kwenye lango la mtandao, yaani ruta yenyewe. Ikijibu, piga ping nje, 8.8.8.8 kwa mfano, anwani ya seva ya Google. Nje pakijibu lakini tovuti hazifunguki, basi ni DNS, ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba, na hapo amri ya nslookup itakuonyesha nani anaulizwa na anajibu nini. Kila hatua inakata nusu ya mambo ya kushuku. Ukiruka hatua unaanza kubahatisha, na mtu anayebahatisha atabadilisha vitu vitano kwa mpigo, ikikaa sawa hajui kipi kimeponya, kesho ikirudi anaanza upya.

Basi nikaandika ipconfig /all, amri ya kuonyesha anwani za kompyuta, kwenye laptopu moja iliyokosa mtandao. Nilitarajia kukuta anwani inayoanza na 169.254, kwa sababu hiyo ndo anwani ambayo Windows inajipa yenyewe pale inapoomba na isijibiwe, ukiiona hiyo ujue kompyuta imepiga hodi na hakuna aliyefungua. Sikuikuta. Nilikuta 192.168.0.11. Na mtandao wetu wote unaanza na 192.168.1. Tofauti ni tarakimu moja, sifuri badala ya moja, ukisoma haraka unaipita kabisa. Mistari michache chini yake palikuwa na anwani ya seva iliyoigawa, 192.168.0.1. Hatuna kitu chenye anwani hiyo. Yaani ofisini kwetu kulikuwa na mtu wa pili anagawa anwani, na hatumjui.

Kwa asiyejua inavyokwenda: kompyuta ikiingia kwenye mtandao haijui chochote, haijui lango liko wapi wala yenyewe inaitwa nani, kwa hiyo inaita kwa sauti mtandao mzima usikie, "nani ananipa anwani?" Seva ya DHCP, ambayo ofisi ndogo huwa ni ruta, inajibu "chukua hii", kompyuta inasema "sawa naomba hiyo", seva inathibitisha. Maneno manne basi. Hakuna anayeuliza kitambulisho. Kwa kawaida anayejibu wa kwanza ndo anasikilizwa, na wakiwepo wawili ni mbio, mara huyu anashinda mara yule. Ndo maana kwetu ilionekana kama bahati nasibu. Kompyuta za mezani zilikuwa bado zimeshikilia anwani zao za zamani, maana kompyuta inapotaka kuongeza muda wa anwani inaanza kumuuliza yule yule aliyempa, na inauliza muda ukifika nusu, kwa hiyo zenyewe zilitulia. Laptopu ambazo kila jioni zinaenda nyumbani na asubuhi zinarudi zikaomba upya, ndo zilizoumia. Na walioumia wakapewa lango ambalo halina intaneti nyuma yake, kwa hiyo alama inaonyesha umeunganishwa lakini huendi popote.

Kumtafuta sasa. Swichi yetu ya wakati huo ilikuwa ya kawaida, haina ukurasa wa kuingia ukaona kifaa gani kiko poti gani. Nikaandika arp -a, amri ya kuorodhesha vifaa ambavyo kompyuta imeongea navyo, nikapata anwani ya MAC ya huyo mgeni, yaani namba ambayo kifaa kinatoka nayo kiwandani, herufi na tarakimu sita za mwanzo zinaonyesha kampuni iliyotengeneza kifaa, nikajua natafuta ruta ndogo ya nyumbani. Nikaacha ping -t, ping isiyokoma, inaendelea kwenda kwake, halafu nikasimama kwenye swichi nachomoa waya mmoja mmoja, nasubiri, narudisha, mwenzangu anaangalia skrini. Waya wa kumi na saba majibu yakakata. Uzuri hapo. Ubaya ni kwamba hakuna waya hata mmoja uliokuwa na lebo, kwa hiyo ule wa kumi na saba ulikuwa unaingia ukutani na mimi sijui unatokea wapi, ikabidi twende soketi hadi soketi. Tuliikuta chini ya meza ya uhasibu, nyuma ya boksi la risiti za zamani, ruta nyeupe ndogo, taa zinawaka vizuri.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndo penyewe.

Ile ruta haikuwekwa wiki hiyo. Ilikuwa pale miezi saba. Ilikuwa imechomekwa vizuri kabisa kwenye ile poti yake ya kupokelea intaneti, na ruta ikichomekwa hivyo inagawa anwani kwa watu wake tu wa upande wa ndani, haimsumbui mtu mwingine. Ijumaa iliyotangulia meza zilisogezwa kupisha kabati jipya, waya ukachomoka, mtu mwema akaurudisha, ila akaurudisha kwenye tundu la pembeni yake. Tundu moja tu. Kuanzia hapo ruta ikaanza kugawa anwani kwa ofisi nzima.

Nilikaa na hilo jambo muda mrefu. Miezi saba mtandao wetu ulikuwa unafanya kazi, hakuna aliyelalamika, mimi mwenyewe ningeulizwa ningesema uko vizuri. Na miezi yote hiyo kulikuwa na wifi ya pili hewani ambayo sikujua ipo, ina paswedi ile ile iliyobandikwa kwenye stika chini yake, ukurasa wake wa mipangilio unafunguka kwa jina na paswedi za kiwandani (nilijaribu mara moja tu nikaingia), na WPS (njia ya kuunga kifaa kwenye wifi kwa kitufe au namba fupi badala ya paswedi) imewashwa. Na mtu akishaingia kwenye wifi hiyo, ile ruta inampeleka moja kwa moja ndani kwetu, kwenye folda za pamoja, printa, kila kitu, kwa sababu kwa macho ya mtandao wetu yeye ni mfanyakazi tu. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyowahi kuungwa, nikakuta laptopu ya uhasibu, simu mbili za watu wetu, na simu nyingine moja ambayo tulizunguka na jina lake ofisi nzima hakuna aliyeitambua.

Kwa hiyo kuharibika kwa mtandao ndo kulitufungua macho. Ule waya usingekosea tundu, ile ruta ingekuwa pale mpaka leo.

Nizungumzie kidogo hiyo WPS kwa sababu watu wanaiona kitufe tu cha kurahisisha maisha. Namba yake ya siri ina tarakimu 8, ukipiga hesabu ya haraka ni uwezekano milioni mia. Lakini tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki zile saba, na ruta inakagua nusu ya kwanza peke yake na nusu ya pili peke yake, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio 10,000 kwa nusu ya kwanza na 1,000 kwa ya pili, jumla 11,000, kazi ambayo kompyuta inaweza kuimaliza ndani ya masaa kwenye ruta isiyofunga mlango baada ya makosa mengi. Udhaifu huu ulitangazwa hadharani mwishoni mwa 2011! Paswedi yako ya wifi iwe ndefu kama sala, kama WPS ya namba iko wazi mtu anapita dirishani. Izimeni.

Na paswedi za kiwandani nazo sio jambo la kusema "nani atahangaika na ofisi ndogo kama yetu". Hakuna mtu anayehangaika, ni programu ndo inahangaika, inapita kila anwani ya intaneti bila kuuliza wewe ni nani. Mwaka 2016 virusi vilivyoitwa Mirai vilizunguka duniani vikijaribu orodha fupi ya majina na paswedi za kiwandani, kama 60 hivi, kwenye kamera na ruta za watu wa kawaida, na orodha hiyo fupi ikatosha kukusanya jeshi la vifaa ambalo tarehe 21 Oktoba lilitumika kuielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitoa huduma ya DNS, mpaka tovuti kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi. Kamera za kwenye korido zilifanya hivyo.

Niliporudi kwa dada wa uhasibu nilikuwa na hasira, nakiri. Nikamuuliza hii ruta nani kaileta. Akanijibu bila kuficha, "Ni mimi kaka. Wifi haifiki huku kwangu. Nilikuambia mara mbili, mara ya pili nikakuandikia." Nikatafuta, kweli ujumbe upo, miezi minane nyuma, nilijibu "nitaangalia" na sikuangalia. Alikuwa na ripoti za kufunga mwezi, mtandao unamkatikia katikati ya kutuma, akachukua ruta yake ya nyumbani isiyotumika akajitatulia shida. Mimi ningefanya vile vile. Toka siku hiyo naamini kabisa kwamba matundu mengi ya usalama kwenye ofisi ndogo hayatokani na uzembe wa watumiaji, yanatokana na mtu aliyeomba msaada akakosa. Unaweza ukaandika sheria kurasa kumi za kukataza vifaa binafsi, mtu ambaye kazi yake haiendi atatafuta njia tu.

Kwake tulifanya kilichotakiwa kufanyika tangu mwanzo, tukavuta waya tukaweka kifaa cha kurushia wifi upande wa uhasibu, kwa sababu kati yake na ruta kuu kulikuwa na ukuta mnene na safu ya makabati ya chuma, na chuma wifi haipiti. Masafa ya wifi ya 2.4 GHz tukayapanga, ruta kuu chaneli ya 1 na hiki kipya chaneli ya 6, maana chaneli za jirani jirani zinaingiliana, zisizogusana ni 1, 6 na 11. Basi. Shida yake ikaisha siku hiyo.

Halafu nikageukia ruta kuu, ile ambayo niliiamini. Nikaingia ndani yake nikasoma kila ukurasa kama vile ni ya mtu mwingine. Nikakuta poti 3389 (hapa sio tundu la waya, ni mlango wa namba ndani ya mtandao) imefunguliwa kutoka nje kwenda kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo ndo poti ya kuingilia kompyuta ya Windows ukiwa mbali. Aliifungua fundi aliyekuwepo kabla yangu ili bosi wa wakati huo afanye kazi akiwa safarini, bosi kaondoka, fundi kaondoka, mlango umebaki. Log ya kompyuta hiyo, yaani kumbukumbu ya yanayotokea, ilikuwa imejaa majaribio ya kuingia, usiku na mchana, administrator, admin, user, test, mamia kwa siku. Nilishukuru tu kwamba paswedi yake ilikuwa ndefu. Poti nikaifunga saa hiyo hiyo, anayehitaji kuingia kutoka nje siku hizi anapita kwenye VPN, njia iliyofichwa ya kufikia mtandao wa ofisi, na anathibitisha kwa simu yake. Wapo wanaoshauri ubadilishe tu namba ya poti, mimi sikubaliani nao, programu zinazotafuta zinapita poti zote, ukihamisha mlango kutoka mbele kwenda ubavuni bado ni mlango. UPnP nayo ilikuwa imewashwa, kile kitu kinachoruhusu kifaa cha ndani kujifungulia poti chenyewe bila kumwomba mtu, na rekoda ya kamera ilikuwa imeshajifungulia mbili. Nikazima. Programu ya ndani ya ruta ilikuwa haijaguswa tangu inunuliwe, nikaiapdeti.

Apdeti naomba tuelewane. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha tundu kwenye huduma ya kushirikiana mafaili ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo WannaCry, virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, ikaingia kupitia tundu hilo hilo, hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, nchi zaidi ya 150 zikaguswa. Miezi miwili kiraka kilikuwa kipo kinasubiri mtu abonyeze. Kompyuta ikiambukizwa moja ilikuwa inatafuta wenzake kwenye mtandao ule ule yenyewe, bila mtu kubofya chochote. Nikiona mtu anabonyeza "nikumbushe kesho" siku ya arobaini mfululizo, moyo unaniuma kweli.

Na kwa sababu hiyo tuliacha kuweka kila kitu kwenye chumba kimoja. Tulinunua swichi inayoweza kugawanya mtandao, kompyuta za kazi zikakaa upande wao, kamera na printa upande wao, simu za watu na wageni wakapata wifi yao ambayo inakwenda intaneti tu, haioni kitu kingine. Swichi hiyo pia ina uwezo wa kukataa mtu yeyote asiyeruhusiwa kugawa anwani za DHCP, ukiwasha hiyo, kisa cha ruta ya uhasibu hakijirudii hata mtu achomeke kumi.

Bakapu ndo iliniumiza kuliko yote. Tulikuwa nayo, kila mtu alijua tunayo, diski ya nje imechomekwa kwenye seva na taa yake inapepesa kila usiku. Siku moja nikasema ngoja nirudishe folda moja ya mwaka jana nione. Faili la mwisho lilikuwa la miezi mitano nyuma, diski ilijaa, programu ikawa kila usiku inajaribu, inashindwa, inaandika kosa mahali ambapo hakuna anayeangalia. Na hata ingekuwa nzima, diski iliyochomekwa saa zote inafungwa pamoja na seva virusi vya kudai fidia vikiingia. Sasa hivi tuna nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja iko nje ya ofisi kabisa, na kila mwezi natoa faili moja bila kupanga nalirudisha na kulifungua mbele ya mtu mwingine. Bila kulifungua sihesabu kwamba tuna bakapu.

Waya zote zina lebo, pande zote mbili. Tuna faili moja la orodha, kila kifaa kina mstari wake, jina, MAC, kiko wapi, nani anakitumia, mara ya mwisho kimeapdetiwa lini. Mwanzo kilikuwa kikazi cha jioni mbili tu, lakini nilikuta vifaa 39 pale ambapo nilidhani tuna kama 25. Na ujumbe wa mtu yeyote unaosema "wifi haifiki kwangu" unaandikwa kwenye faili hilo hilo, kwa tarehe, na haufutwi mpaka aliyeuandika aseme umekwisha.

Kimebaki kitu kimoja hakijakaa sawa. Ile skana kubwa ya nyaraka, draiva yake (programu ya kuiendesha) imeishia Windows 7, kwa hiyo kompyuta yake bado ni ya Windows 7, na Windows 7 haijapata kiraka cha kawaida tangu 14 Januari 2020, na kompyuta nyingi zilizoangushwa na WannaCry zilikuwa za Windows 7. Kuitupa hatuwezi bado. Tumeiweka kwenye kipande chake peke yake, haina njia ya kwenda intaneti, inaruhusiwa kufika kwenye folda moja tu, na folda hiyo inakaguliwa kabla mtu hajachukua kitu. Kwenye orodha mstari wake una rangi nyekundu, na dada wa uhasibu, ambaye ndo anaitumia zaidi, ameniuliza wiki hii tunaitoa lini. Nimemwandikia tarehe.